Bando na Ghala: Usimamizi wa Vifurushi vya Programu kwa Njia ya Amri katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Neno kifurushi lina maana mbili kwa mtumiaji wa kompyuta wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, na maana hizo hukutana kila anapowasha mashine yake. Ya kwanza ni kiasi cha data kinachonunuliwa kwa kampuni ya simu kwa muda maalumu, ambacho mitaani huitwa bando. Ya pili, inayofahamika zaidi kwa watengenezaji wa programu, ni fungu la faili za msimbo lililofungwa pamoja na maelezo yake, yaani jina, namba ya toleo, leseni na orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ili hicho kifanye kazi. Kifurushi cha maana ya pili hakifiki kwenye mashine bila kula cha maana ya kwanza, na ndiyo maana suala la kusimamia vifurushi vya programu, ambalo vitabu vingi vya mafunzo hulipa kurasa mbili tatu, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa linastahili kutazamwa kwa upana wake.

Usimamizi huo una kazi tano: kujua vilivyomo, kuongeza vipya, kusasisha vya zamani, kuondoa visivyotumika, na kuweka kumbukumbu itakayoiwezesha mashine nyingine kupata vilevile. Kazi hizo zaweza kufanywa kwa kubofya vitufe kwenye kioo, lakini watengenezaji wa programu huzifanya kwa mstari wa amri, yaani dirisha la maandishi ambamo mtumiaji huandika agizo na kompyuta hujibu kwa maandishi. Amri iliyoandikwa hurudiwa bila kubadilika, hutumwa kwa mtu mwingine kwa ujumbe wa simu na huhifadhiwa kwenye faili, ilhali mfululizo wa mibofyo ni vigumu kuusimulia kwa mtu aliye mbali. Uchambuzi huu unashikilia kwamba mafunzo yaliyozoeleka, ambayo huanza na amri ya kusakinisha, yaliandikwa kwa ajili ya watu wasiohesabu megabaiti. Mahali ambapo megabaiti hununuliwa na umeme hukatika, kazi yapasa kuanza na daftari la ghala, na upakuaji ufuate baadaye.

Mazingira ya kazi

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilionyesha kuwa kila moja ya wilaya hizo ilikuwa na wakazi zaidi ya 320,000, wengi wao wakulima wa kahawa, migomba na maharage. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuwa umeunganishwa na Gridi ya Taifa, hivyo ulitumia umeme ulionunuliwa Uganda na kufika kwa njia ya kusafirishia umeme ya Masaka hadi Kyaka. Pia katika mto Kagera, kati ya Murongo upande wa Kyerwa na Kikagati upande wa Uganda, pamejengwa mtambo wa megawati 14. Wakazi ambao nguzo hazikuwafikia waligeukia jua, na shirika la KARADEA, lililoanzishwa Karagwe katika miaka ya 1980, lilikuja kuwa na kituo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua. Historia hiyo ina uzito hapa kwa sababu umeme unapokatika katikati ya usakinishaji, kifurushi hubaki nusu kimewekwa na nusu hakijawekwa, na hiyo ni hali ambayo mtumiaji wa eneo hili hana budi kujua namna ya kuitibu.

Mtandao nao una safari ndefu. Data inayotoka nje ya nchi hupita kwenye nyaya za baharini, SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010 zikiwa miongoni mwake, kisha husafiri kwa nyaya za nchi kavu, ukiwemo Mkongo wa Taifa, hadi kanda ya ziwa, na mwisho hurushwa na minara ya simu. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku hiyo aliyekuwa na nakala za vifurushi vyake kwenye diski aliendelea na kazi, na aliyezoea kupakua upya kila mara alisimama. Mpakani kuna tatizo jingine, kwani simu huweza kunasa mawimbi ya nchi jirani na bando la nyumbani likawa halitumiki mpaka mtandao urejee.

Mashine zenyewe ni za aina tatu. Kuna kompyuta za mezani na za mapajani zilizotumika, nyingi zikiwa na Windows ya zamani. Kuna chache zinazoendeshwa na Linux, hasa Ubuntu au Debian. Na kuna simu za Android, ambazo kwa vijana wengi ndizo kompyuta pekee walizonazo. Hata simu ina mstari wa amri, kwa kuwa programu iitwayo Termux huwezesha kuandika na kuendesha msimbo wa Python ndani ya simu na kusimamia vifurushi kwa amri ya "pkg". Mtumiaji wake anapaswa kujua kwamba toleo lililokuwa Play Store liliacha kupata masasisho mwaka 2020, na kwamba watengenezaji wake waliwaelekeza watu kuipata kwenye duka la F-Droid. Mifumo ya umma kama GoTHoMIS katika vituo vya afya husimamiwa na mamlaka zake, hivyo uchambuzi huu unahusu mashine za wanafunzi, mafundi, mashirika na wachambuzi wa takwimu, ambao hupaswa kujisimamia wenyewe.

Asili ya mameneja wa vifurushi

Meneja wa vifurushi ni programu inayopokea amri za mtumiaji, kwenda kwenye hazina, yaani ghala kuu lililo mtandaoni, kuchukua kifurushi kilichotajwa pamoja na vitegemewa vyake, na kuandika kwenye daftari la mashine kile kilichowekwa. Vitegemewa ni vile vifurushi vingine ambavyo kifurushi huvitegemea ili kifanye kazi. Mtu huomba kimoja, na kumi hufuatana nacho. Ian Murdock alianzisha Debian mwaka 1993, na ndani ya mradi huo kikazaliwa chombo kiitwacho dpkg, kinachojua kufungua na kuweka kifurushi kimoja kimoja; mwaka 1999, katika Debian 2.1, kikaja APT, kilichoongeza uwezo wa kutafuta vitegemewa chenyewe. Lugha za programu nazo zilijenga hazina zao: Perl ilipata CPAN mwaka 1995, lugha ya takwimu ya R ilipata CRAN mwaka 1997, Python ilipata PyPI mwaka 2003 na meneja wake aitwaye pip mwaka 2008, JavaScript ilipata npm mwaka 2010, na PHP ilipata Composer mwaka 2012.

Matokeo ya historia hiyo ni kwamba mashine moja huwa na mameneja wawili au watatu, kila mmoja na daftari lake, na hakuna anayesoma daftari la mwenzake. Kwenye Debian na Ubuntu, APT huweka baadhi ya vifurushi vya Python kwa ajili ya mfumo wenyewe, na mtumiaji akitumia pip kubadilisha hivyohivyo, sehemu za mfumo huweza kuharibika. Ndiyo sababu kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023, pip hukataa kuandika kwenye eneo la mfumo na kumtaka mtumiaji atenge eneo lake. Wengi hulichukulia katazo hilo kuwa usumbufu na kutafuta njia ya kulivuka, ilhali ni ukuta uliojengwa baada ya watu wengi kuharibu mashine zao.

Yafaa kukumbuka pia kwamba si zamani sana vifurushi vilisafiri kwa posta. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, iliwahi kuwatumia watu sidii bila malipo popote duniani kwa mpango ulioitwa ShipIt, uliofungwa mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mantiki ya sidii, kwamba kitu hupakuliwa mara moja na kutumika mara nyingi, ndiyo ambayo wilaya hizi mbili bado zinaihitaji.

Kujua kilichomo

Amri ya kwanza ya kujifunza, kwa hiyo, ni ile isiyotumia hata kilobaiti moja ya bando. Kwenye Python "pip list" hutoa orodha ya vifurushi vyote na matoleo yake. Kwenye Debian au Ubuntu kazi hiyo hufanywa na "apt list --installed" au "dpkg -l". Kwenye mradi wa JavaScript ni "npm ls", na kwa vile vilivyowekwa kwa matumizi ya mashine nzima ni "npm ls -g". Kwenye PHP ni "composer show", na kwenye Termux ni "pkg list-installed". Orodha hizo zote husomwa kutoka kwenye diski ya mashine, hivyo zinaweza kutolewa hata bando likiwa limekwisha.

Orodha ndefu pekee haitoshi, kwa sababu haitofautishi kati ya kilichoombwa na kilichofuata. Mtu aliyeomba pandas, kifurushi cha kuchambua majedwali, hukuta NumPy na vingine vimewekwa bila yeye kuvitaja, na baada ya miezi sita hakumbuki kipi ni chake. Amri ya "pip list --not-required" huonyesha vile tu ambavyo hakuna kingine kinachovitegemea, na "apt-mark showmanual" huonyesha vile vilivyoombwa na mtu mwenyewe. Kwa kifurushi kimoja, "pip show" huonyesha kinamtegemea nani na nani anakitegemea, na "npm explain" hueleza ni kwa njia ipi kifurushi fulani kiliingia kwenye mradi. Mwisho, "pip check" hukagua kama kila kifurushi kina vitegemewa vyake na katika matoleo yanayokubaliana, kama vile karani wa ghala anavyolinganisha daftari na magunia.

Kosa linalowasumbua wengi katika hatua hii ni kutokujua orodha wanayoisoma ni ya nani. Kompyuta moja huweza kuwa na Python mbili, moja iliyokuja na mfumo na nyingine iliyosakinishwa baadaye, na kila moja huwa na pip yake. Mtu husakinisha kwenye moja, huendesha programu kwa nyingine, kisha hulalamika kwamba kifurushi hakionekani, na mara nyingi hukipakua tena. Tiba yake ni kuandika "python -m pip" badala ya "pip" peke yake, kwa kuwa hapo Python inayotumika ndiyo inayoulizwa, na kwenye Windows amri ya "py -0" hutaja Python zote zilizopo.

Kusakinisha kwa kuhesabu

Vifurushi hutofautiana uzito kama mzigo wa baiskeli na wa lori. Kifurushi cha kuwasiliana na tovuti kiitwacho requests hakifiki hata megabaiti moja. NumPy ni megabaiti kumi na kitu. TensorFlow, cha kufundishia mashine, ni mamia ya megabaiti. Na PyTorch kwenye Linux, kikichukuliwa pamoja na sehemu zake za kadi za michoro, huvuka gigabaiti mbili. Mtu anayeandika amri bila kujua uzito huweza kumaliza bando la wiki kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Mameneja hawalingani katika jambo hili. APT husema wazi kabla ya kuanza kwamba inahitaji kupakua kiasi gani na itachukua nafasi gani kwenye diski, kisha mara nyingi husubiri jibu. Huo ni uungwana unaofaa sana kwa mwenye bando dogo, ingawa hata "apt-get update", inayosasisha orodha tu za vifurushi, huweza kula makumi ya megabaiti. Pip ilipata mwaka 2022 kipengele cha "--dry-run", kinachoonyesha kitakachosakinishwa bila kukisakinisha; npm haionyeshi uzito kabla ya kuanza, ila "npm view" pamoja na jina la kifurushi na "dist.unpackedSize" hutaja ukubwa wake baada ya kufunguliwa, bila kuhesabu vitegemewa.

Mtandao ukikatika katikati, APT huweka vipande vilivyokwisha kufika na kuendelea pale ilipoishia. Pip kwa miaka mingi ilianza upya tangu mwanzo, na uwezo wa kuendeleza upakuaji uliokatika ulikuja mwaka 2025 katika toleo la 25.1. Kwa mtu wa Kaisho anayepakua faili la megabaiti 500 usiku kwa bando la usiku, tofauti hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kusasisha pip yenyewe. Umeme ukikatika wakati dpkg inaandika, mashine ikiwaka tena hukataa kusakinisha chochote mpaka kazi iliyoachwa imalizwe kwa amri ya "dpkg --configure -a", na kama vitegemewa vilibaki njiani, "apt --fix-broken install" huvikamilisha. Wapo wanaoifuta Linux nzima na kuiweka upya kwa sababu ya ujumbe huo, ingawa tiba yake ni mstari mmoja. Njia salama zaidi ni kutenganisha hatua mbili: "apt-get install --download-only" hupakua bila kuweka, na uwekaji hufanywa baadaye betri ikiwa imejaa.

Umri wa mashine nao huamua. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na msaada wake ulikoma mwaka 2024, hivyo kwenye kompyuta ya namna hiyo si kila kifurushi kipya kitakubali. Python husambaza vifurushi kwa namna mbili: kilichokwisha kutengenezwa kwa ajili ya aina fulani ya mashine, ambacho jina la faili lake huishia na ".whl", na msimbo mbichi ambao lazima utengenezwe papo hapo kwa kikusanyaji cha lugha ya C. Pip ikikosa cha kwanza hujaribu cha pili, na kwenye mashine isiyo na kikusanyaji kazi hufeli baada ya bando kuliwa. Sharti la "--only-binary=:all:" huizuia kujaribu; kwenye Termux, NumPy huchukuliwa ikiwa tayari kwa "pkg install python-numpy".

Stakabadhi ya matoleo

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anapopeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, hupewa stakabadhi inayotaja jina, uzito na daraja, ili baadaye mgogoro ukitokea kuwe na maandishi ya kurejelea. Mradi wa programu nao una stakabadhi yake, nayo ni faili inayotaja kila kifurushi na toleo lake halisi. Kwenye Python, "pip freeze > requirements.txt" huiandika, kwenye npm ni "package-lock.json", na kwenye Composer ni "composer.lock". Faili hiyo ya npm hutaja pia alama ya kihisabati ya kila kifurushi, ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilishwa ndani yake, na kwa hiyo hutambua kilichochezewa.

Namba ya toleo kwa kawaida huwa na sehemu tatu, mfano 2.4.1: ya kwanza hubadilika pale ambapo msimbo wa zamani huenda ukavunjika, ya pili pale panapoongezwa uwezo mpya, na ya tatu pale kosa linaporekebishwa. Utaratibu huu ni ahadi ya mwandishi wa kifurushi, na ahadi huvunjwa. Mradi unaosema "leta toleo lolote jipya" hufanana na butura, ile desturi ya Kagera ya kuuza kahawa ingali mtini, ambapo mtu hujifunga kwa mavuno ambayo bado hajayaona. Leo programu hufanya kazi. Mwezi ujao mwanafunzi mwingine huisakinisha kwenye mashine yake, hupata matoleo mengine, na programu hukataa kuwaka bila mtu yeyote kugusa msimbo.

Stakabadhi hutumika vizuri pale kila mradi unapokuwa na chumba chake. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, amri ya "python -m venv" hutengeneza mazingira pepe, yaani folda yenye Python na vifurushi vyake vinavyojitegemea, hivyo mradi wa zamani huweza kubaki na toleo la zamani huku mwingine ukitumia jipya. Gharama yake ni nafasi ya diski, kwa kuwa kifurushi kilekile hunakiliwa mara kadhaa, na kwa JavaScript folda ya "node_modules" ya mradi mmoja huweza kuvuka megabaiti 200. Zana mpya kama pnpm kwa JavaScript na uv kwa Python huweka nakala moja kwenye ghala la mashine na kuielekeza kwenye kila mradi, jambo linalozifanya zifae mashine zenye diski ndogo.

Kuondoa bila kutupa mali

Kuondoa kifurushi kunaonekana kuwa kazi nyepesi, lakini kila meneja ana tabia yake. Amri ya "pip uninstall" huondoa kilichotajwa peke yake na kuacha vitegemewa vyake vikiwa yatima. Amri ya "apt-get remove" huondoa programu lakini huacha faili za mipangilio, na "purge" huondoa vyote. Amri ya "apt-get autoremove" hufagia vile ambavyo havitegemewi tena. Na "npm prune" huondoa visivyotajwa na mradi. Kwa Python, njia ya uhakika ni kufuta mazingira pepe yote na kuyajenga upya kutoka kwenye stakabadhi, mradi faili za vifurushi zimehifadhiwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalopingana na ushauri uliozoeleka. Miongozo mingi humwambia mwenye diski iliyojaa aandike "apt-get clean" au "pip cache purge", amri zinazofuta nakala za vilivyopakuliwa. Kwa mtu wa mji wenye mtandao usiohesabiwa, nakala hizo ni takataka. Kwa mtu wa Nkwenda ni mali iliyolipiwa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2016 amri fupi ya "apt" hufuta yenyewe faili za vifurushi mara baada ya kuvisakinisha, wakati "apt-get" huziacha kwenye "/var/cache/apt/archives". Amri hizo mbili, ambazo wengi hudhani ni kitu kimoja, kwa mwenye bando zina tofauti ya kulipa mara moja na kulipa kila mara.

Ghala la pamoja

Kutoka hapo hoja inapanuka kutoka mashine moja hadi jumuiya. Vifurushi vingi husambazwa kwa leseni huria, hivyo kunakili na kugawana ni halali, na kinachokosekana ni utaratibu. Amri ya "pip download -r requirements.txt -d ghala" huweka kwenye folda iitwayo ghala vifurushi vyote vya orodha pamoja na vitegemewa vyake, na kwenye mashine isiyo na intaneti "pip install --no-index --find-links ghala -r requirements.txt" huvisakinisha kutoka kwenye folda hiyo bila kugusa mtandao. Kama mashine ya kupakulia ni ya Linux na ile itakayotumia ni ya Windows, pip inaweza kuelezwa aina ya mashine na toleo la Python linalolengwa, ili mtu aliyekwenda Bukoba arudi na fleshi yenye vifurushi vitakavyokubali kwenye kompyuta iliyobaki Kyerwa.

Kwa Debian na Ubuntu kuna zana iitwayo apt-cacher-ng, ambayo huifanya kompyuta moja, hata kuukuu, kuwa ghala la chumba kizima: mashine ya kwanza ikiomba kifurushi hupakuliwa, na mashine ya pili hadi ya ishirini zikikiomba hupewa nakala iliyopo. Darasa la kompyuta 20 linalohitaji vifurushi vya megabaiti 150 lingepakua gigabaiti tatu bila ghala hilo. Likiwa nalo hupakua megabaiti 150. Hesabu hiyo haihitaji utafiti kuithibitisha. Kwa npm, "npm ci --offline" husakinisha kutoka kwenye akiba ya mashine kwa kufuata stakabadhi bila kutoka nje.

Udhaifu wa ghala la pamoja ni kwamba linazeeka. Lisiposasishwa, watu wote watakuwa na makosa yaleyale ya zamani, na likisasishwa ovyo, hitilafu moja itawafikia wote. Ghala huhitaji mtunzaji mwenye tarehe maalumu za kulisasisha na daftari la mabadiliko.

Uaminifu wa mzigo

Kila kifurushi ni msimbo wa mtu mwingine unaoruhusiwa kufanya kazi ndani ya mashine. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa sababu ilikitegemea bila kujua. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili. Toleo thabiti la Debian halikuathirika, kwa kuwa halikimbilii matoleo mapya, ilhali matoleo yake ya majaribio yalikuwa yamekwisha kuyapokea. Septemba 2025 wahalifu walimlaghai mtunzaji wa vifurushi maarufu vya npm, vikiwemo chalk na debug, na kuchapisha matoleo yenye sumu yaliyokaa kwa saa chache kabla ya kuondolewa.

Matukio hayo yanafundisha mambo mawili yanayovutana. Kuchelewa kusasisha humkinga mtu dhidi ya sumu mpya, lakini humwacha na matundu ya zamani. Hivyo kinachofaa ni kusasisha kwa sababu inayojulikana, kwa kuanza na "pip list --outdated" au "npm outdated" na kukagua kwa "npm audit" au "pip-audit", zana zinazolinganisha matoleo yaliyopo na orodha za udhaifu uliotangazwa. Majina nayo yaandikwe kwa uangalifu, kwa kuwa wahalifu huchapisha vifurushi vyenye majina yanayotofautiana na ya kweli kwa herufi moja. Kwa mchambuzi anayeshughulikia takwimu za wagonjwa au za wakulima, uzembe huo una upande wa kisheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Hoja za upande wa pili

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu utapitwa na wakati mtandao utakaposambaa na bei ya data itakaposhuka. Dai hilo lina ukweli kwa upande wa ghala, ila halina ukweli kwa upande wa stakabadhi, kwa kuwa left-pad na xz ziliwasumbua watu wenye mtandao wa kasi kuliko wote. Inaweza pia kudaiwa kwamba mstari wa amri huwafungia nje wasiojua Kiingereza, na hili ni zito zaidi, kwani ujumbe wa makosa huja kwa lugha hiyo na mwanafunzi huogopa asichokielewa. Hata hivyo amri za lazima hazizidi ishirini, na mwongozo wa kurasa nne kwa Kiswahili, unaoeleza kila moja pamoja na makosa yake ya kawaida, ungeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo.

Kwa ujumla, uwezo wa kusimamia vifurushi katika Karagwe na Kyerwa hauhitaji mashine mpya wala mkongo mpya ili uanze. Unahitaji orodha iliyoandikwa na kuwekwa tarehe, stakabadhi ya matoleo ndani ya kila mradi, diski moja ya pamoja katika kila shule au ofisi yenye kompyuta, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuitunza. Shule na vyuo vinavyofundisha kompyuta katika wilaya hizi vinapaswa kubadili mpangilio wa somo, amri ya kuorodhesha ifundishwe siku ya kwanza na amri ya kusakinisha siku ya pili, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kununua bando kupakua kifurushi ambacho mwenzake wa dawati la pili tayari anacho.